Mali Kauli

Ukitoka katikati ya mji wa Tabora kuelekea Ipuli kuna nyumba yenye bati la bluu ambayo kaka yangu hapendi kupita mbele yake. Ni kaka kwa upande wa mama, mwalimu wa sekondari, mtu wa makamo sasa. Kuta za nyumba ile alizipandisha yeye, kwa tofali za kuchoma alizonunua tripu moja moja kwa miaka sita. Bati alipiga mtu mwingine. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata, akaniomba jina lake niliache, nami nimeliacha. Benki nayo sitaitaja, kwa kuwa ilichofanya kingefanywa na benki yoyote.

Mwaka alioomba mkopo wa kuimalizia nyumba ile, mwalimu alikuwa na kila kitu ambacho sisi ndugu zake tulidhani benki inakitaka. Ajira ya serikali ya miaka 16. Kiwanja kilichopimwa, chenye hati kwa jina lake. Kuta zilizofika kwenye lenta. Alichohitaji ni shilingi milioni 20 za kupaua, kupiga lipu, kuweka milango na madirisha, na kuwatoa watoto kwenye vyumba vya kupanga Isevya. Benki ilimpigia hesabu: kwa riba ya asilimia 17 na miaka 10 ya kulipa, rejesho lingekuwa kama shilingi 347,000 kwa mwezi. Mshahara uliweza kulibeba hilo na bado theluthi moja ikabaki, kama utaratibu wa watumishi wa umma unavyotaka. Mthamini alikuja akazipima kuta. Mkewe alisaini ridhaa, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu mtu kuiweka rehani nyumba ya familia bila mwenzi wake kukubali.

"Baba watoto, usitoe hela kwa mtu mpaka benki iseme ndiyo," mkewe alimwambia wakitoka kusaini.

Alikuwa ameshatoa. Fedha za ada za muhula uliofuata alikuwa amempa muuza mabati, ili bei isimpande, akijua mkopo utaliziba pengo ndani ya mwezi.

Wiki ya tatu akaitwa. Afisa mikopo alikuwa kijana ambaye mwalimu mwenyewe alimfundisha kidato cha pili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Nipe habari njema."

Kijana hakujibu mara moja. Akageuza kioo cha kompyuta ili mwalimu naye asome. "Mshahara hauna tatizo, mwalimu. Kiwanja hakina tatizo. Lakini angalia hapa."

Mistari ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulisema kwamba mwalimu anadaiwa shilingi 24,000, mkopo wa simu, haujalipwa kwa zaidi ya miaka minne. Kaka yangu alicheka. Alidhani ni kosa la mashine. Kisha akakumbuka laini ya zamani, ile aliyokopea siku moja jioni mtoto alipougua homa na dirisha la dawa likataka fedha taslimu. Laini ile hakuwahi kuisajili kwa alama za vidole, na Januari 2020 Mamlaka ya Mawasiliano ilipoanza kuzizima laini za namna hiyo, yake ikazimwa pamoja na nyingine nyingi. Kwa mwalimu, laini ilipokufa deni nalo lilizikwa. Lakini jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi ya mpiga kura aliyosajilia mwanzo havikuzimwa na mtu.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu sisi watu wa Tabora tulipaswa kujua kabla ya wengine kwamba deni humfuata mtu kwa jina lake. Mji wetu uliinuliwa na mikopo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kaze, hapa hapa Unyanyembe, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwishatulia, wana matembe, bustani na maghala. Ndani ya maghala mlikuwa na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo haikuwa yao. Ilitoka kwa matajiri wa Unguja, wengi wao Wahindi, ambao waliitoa bila kushika chochote mkononi, ili ilipwe kwa pembe msafara utakaporudi, baada ya mwaka, baada ya miaka mitatu, Mungu akipenda. Biashara hiyo ilikuwa na jina lake: mali kauli. Unapewa mali, unaacha kauli.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi papa hapa Tabora na alioa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe. Mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan wa Unguja. Tippu Tip aliondoka pwani karibu na mwaka 1870 na hakuiona tena Unguja mpaka 1882. Miaka kumi na zaidi mtu yuko porini na mali ya mwenzake! Taria alimngoja kwa sababu alikuwa anasikia. Kila msafara ulioteremka Bagamoyo ulibeba barua, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe begani na habari mdomoni: nani amefika wapi, nani amepata, nani amekula mtaji. Mtu aliyeuza kaniki za mwenzake Ujiji akanyamaza, jina lake lilifika pwani kabla yake. Ndiyo maana wapo waliozeeka huku bara, hawathubutu kuteremka, deni la pwani linawangoja.

Biashara ile siisifu. Pembe zilitoka kwa tembo waliomalizwa, na katika njia ile ile waliteremshwa watu wamefungwa minyororo. Kauli ya matajiri wale ililipiwa kwa miili ya watu ambao hakuna aliyewauliza. Nachukua jambo moja tu humo, namna habari ya mkopaji ilivyosafiri. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya Ujiji, wapo waliokwama na deni ambalo kutolipwa kwake hakukuwa kosa lao. Lakini kwa mkopeshaji aliyeko Unguja, aliyekwama na aliyetoroka ni mtu mmoja mpaka barua ifike.

Mwalimu alikuwa amekwama, kisha akasahau, na barua hakutuma. Kwenye karatasi alionekana ametoroka.

Msafara wa siku hizi hautembei kwa miguu. Benki Kuu ya Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambamo benki na taasisi za fedha zinatakiwa kupeleka habari za kila waliyemkopesha: kiasi gani, lini, analipa au halipi. Wapo mawakala wa taarifa za mikopo wenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania, wanaozikusanya habari hizo na nyingine, wakamtolea kila mtu ripoti na alama. Alama zile hazipimi utajiri. Zinapima kama unalipa siku uliyosema, una madeni mangapi kwa wakati mmoja, umekuwa mkopaji kwa muda gani, na katika miezi ya karibuni umebisha hodi milango mingapi. Mhudumu wa ofisi mwenye mshahara mdogo anayelipa kila tarehe 25 bila kukosa anaweza kumzidi mkurugenzi. Na yule ambaye hajawahi kukopa popote, ambaye sisi wenye busara za kizamani tungemwita mtu safi, hana kauli yoyote kwenye kitabu kile; benki inamwona kama mgeni aliyeingia mjini usiku.

Kwa mkopo wa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kufumba macho. Mkopo wa nyumba ni wa miaka 10, 15, mpaka 25, na nchi hii ina kumbukumbu mbaya. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikufa mwaka 1995 ikiwa imelemewa na mikopo isiyorudi. Baada yake mtu wa kawaida alikaa miaka mingi bila mahali pa kuuliza mkopo wa nyumba, mpaka ilipokuja sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba, na kampuni ya TMRC, iliyoundwa mwaka 2010 kuzipa benki fedha za muda mrefu. Hata leo wengi wetu tunajenga kama alivyojenga mwalimu, tofali juu ya tofali, mvua ikinyesha juu ya kuta zisizo na paa. Kwa hiyo benki inapofungua ripoti ya mtu haimwonei. Inataka kujua kama anaweza kuwa mvumilivu kwa miaka 10.

Mstari wa pili kwenye kioo cha kijana ndio uliomuuma mwalimu. Miaka mitatu nyuma mwalimu mwenzake alimwomba amdhamini kwenye mkopo wa shilingi milioni moja na nusu. "Ni saini tu, kaka, makato yanatoka kwangu." Akasaini kwenye tangi la pikipiki ya afisa wa mkopeshaji, hata karatasi hakuisoma. Mwenzake akaacha kazi, akaenda kutafuta maisha migodini, marejesho yakakatika. Deni likahesabiwa pia kwa mdhamini.

Nilimuuliza ilikuwaje asilijue hilo, yeye mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo. Mkulima yeyote wa Urambo, Kaliua au Sikonge anaijua dhamana. Mbolea na pembejeo huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, deni linakatwa tumbaku inapouzwa, na mmoja akitorosha mzigo wake akauuza kwa njia za panya, pengo linawaangukia wenzake. Baba yetu mkubwa alirudi nyumbani zaidi ya msimu mmoja na fedha pungufu kwa ajili ya majirani ambao hawakulipa. Sote tulikula michembe miaka hiyo na tukajua kwa nini. Mwalimu alinijibu kwamba kijijini unamdhamini mtu ambaye shamba lake unaliona kutoka mlangoni kwako. Mjini alimdhamini mtu kwa sababu aliona aibu kukataa.

Mstari wa tatu ulikuwa uongo mtupu. Mkopo aliokuwa ameumaliza zamani, na risiti anayo, ulikuwa bado umeandikwa kwamba uko wazi. Mkopeshaji alipokea rejesho la mwisho na hakupeleka taarifa. Mambo haya hutokea, na mkopaji ana haki ya kuomba ripoti yake, kulipinga kosa, na kosa likafanyiwa uchunguzi na kusahihishwa. Kijana alimweleza hivyo hivyo: "Mwalimu, huu wa tatu tunaweza kuuondoa, leta risiti. Wa kwanza ukalipe leo. Wa pili nenda ukakae nao mezani. Tuonane baada ya miezi sita."

Miezi sita. Naamini kabisa kwamba kama hadithi ingeishia kwenye maneno yale ya kijana, nyumba ile leo ingekuwa ya kaka yangu, pengine na bati la rangi nyingine. Mistari ile mitatu haikumnyang'anya nyumba. Kilichomnyang'anya ni aibu.

Hakumwambia mkewe. Aliogopa lile "nilikwambia". Ada zilikuwa zimekwenda kwa muuza mabati, shule inafunguliwa, na muuza mabati anataka amaliziwe au auze mzigo kwa mwingine. Mwalimu akaenda benki ya pili, ikakataa. Akaenda ya tatu. Kila mlango alioubisha uliacha alama kwenye ripoti, na kila aliyeifungua baada ya hapo aliona mtu anayehangaika. Mwisho akaingia kwenye chumba kimoja chenye pazia badala ya mlango, kwa wale tunaowaita kausha damu. Hawakuuliza ripoti. Walichotaka ni kadi yake ya benki na namba yake ya siri.

Walimu wengi wanajua ninachosema. Mshahara unaingia, kadi anayo mwingine, anatoa anachodai ni chake kisha anakuita uchukue kilichobaki. Kaka yangu alichukua 600,000 kwa makubaliano ya kurudisha 800,000 mwezi unaofuata. Mwezi uliofuata alikopa tena ili nyumbani wale. Kufikia mwezi wa tano alikuwa na madeni mawili ya namna hiyo, moja likilipa jingine, huku zile shilingi 24,000 za simu zingali pale pale hazijalipwa, kwa sababu zilikuwa ndogo mno kuzifikiria. Mwezi wa tisa mkewe akagundua, kwa njia ambayo si yangu kuisimulia. Kabla ya mwaka kwisha, kiwanja cha Ipuli na kuta zake vilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Waliwalipa kausha damu wote. Kilichobaki kilitosha ada.

Najua atakayesema kwamba ni uonevu mtu kuzuiwa nyumba kwa shilingi 24,000. Nami naona kuna haki katika malalamiko hayo. Kenya, ambako watu wengi waliorodheshwa kwa vijideni vya simu, Benki Kuu yao mwaka 2020 ilizuia wakopeshaji kupeleka taarifa mbaya za deni lililo chini ya shilingi 1,000 za kwao. Ni uamuzi wa kiungwana. Na mkopeshaji anayezembea kuandika kwamba umelipa anastahili kubanwa kuliko anavyobanwa sasa. Lakini kaka yangu hakukataliwa kwa ajili ya thamani ya deni lile. Kijana wa benki alimwambia wazi: angelikuta limelipwa, hata kwa kuchelewa, angeandika maelezo na kulipeleka ombi mbele. Miaka minne ya kimya hakuwa na namna ya kuielezea.

Na hata pale benki inapokubali, kauli ina bei. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Chukua milioni 20 zile zile kwa miaka 10: kwa asilimia 17 ni kama 347,000 kwa mwezi, kwa asilimia 19 ni kama 373,000. Tofauti ni shilingi 26,000, zaidi kidogo ya lile deni la simu, kila mwezi, kwa miezi 120. Inapita milioni tatu. Mwenye rekodi safi ana ujasiri wa kukaa mezani akasema nipunguzieni. Mwenye madoa anashukuru kwa anachopewa.

Mwalimu sasa amejisafisha. Deni la simu alilipa, na ilimchukua asubuhi moja. Risiti ya mkopo wa zamani aliipeleka, mstari ukaondolewa baada ya kufuatilia mara mbili. Deni la udhamini alikubaliana na mkopeshaji akalilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na yule wa migodini hajamrudishia hata senti. Kila Januari anaiomba ripoti yake, anaisoma kama anavyosoma mitihani, kalamu nyekundu mkononi. Bado anaishi Isevya. Kiwanja kingine hajanunua.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake, tumekaa nje chini ya mwembe, alipokuja kijana mwalimu mpya wa shule yao. Alisalimia, akazunguka zunguka na habari za mvua, kisha akatoa karatasi ya udhamini. Kaka yangu hakuishika.

"Kaka, ni saini tu," kijana akasema.

"Ripoti yako iko wapi?"

Kijana hakujua anaulizwa nini. Mwalimu akamweleza kwa upole mahali pa kuiomba na jinsi ya kuiomba, akamwambia arudi nayo. Kijana aliondoka amenuna kidogo, nami nilidhani ndio basi. Siku ya nne akarudi, karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Mwalimu akavaa miwani, akaikunjua kwenye goti, wakaipitia wote wawili mstari kwa mstari, kidole kikishuka taratibu mpaka kikasimama karibu na mwisho wa ukurasa.

"Hii laini inayoishia na 41 ni ya nani?"

"Ah, ile nilimpa mdogo wangu nikiwa chuo."

"Unadaiwa shilingi 6,200. Miaka miwili."

Kijana akaiangalia karatasi, akamwangalia mwalimu, kisha akatoa simu mfukoni.